Uraibu Unaopigiwa Makofi

Miaka yote niliyokuwa nameza vidonge vya kuongeza umakini, sikumbuki mtu kunionya. Nakumbuka pongezi. Mkuu wangu wa kazi alinitaja vikaoni kama mfano wa kuigwa. Wenzangu waliniuliza siri ya kukesha bila kusinzia. Barua pepe nilizotuma saa tisa usiku zilijibiwa asubuhi: "Hongera, wewe si mtu wa kawaida." Mlevi akipepesuka njiani watu humcheka au humwonea huruma. Mtu anayetumia vibaya dawa za cheti cha daktari za kuchangamsha akili hupandishwa cheo. Mimi nilipandishwa.

Simulizi nyingi za uraibu ninazosoma huanzia shimoni: mtu kafukuzwa kazi, kauza vyombo vya ndani, kalala nje. Zipo, na ni za kweli. Yangu haikupita huko, na naamini ndiyo maana mimi na walionizunguka tulichelewa mno kuitambua.

Kwa asiyezijua, dawa hizi ni za jamii mbili kubwa, amfetamini na methilfenidati. Ritalin ni ya jamii ya pili, Adderall ya kwanza. Madaktari huwaandikia watu wenye ADHD, yaani wale ambao akili yao hushindwa kutulia kwenye jambo moja na kuzuia misukumo yake, na wenye narkolepsi, ugonjwa wa kupitiwa na usingizi ghafla mchana kweupe. Kwa watu hao zinafanya kazi vizuri sana. Nimemwona mtu mzima akitokwa na machozi kwa sababu alikuwa amesoma sura nzima ya kitabu bila akili kumtoroka, jambo ambalo hakuwahi kuliweza tangu utoto. Kwa hiyo mzazi asije akayachukua maneno yangu na kumnyima mwanawe dawa aliyoandikiwa. Utafiti haujaonyesha kwamba mtoto mwenye ADHD anayetibiwa ipasavyo hugeuka mraibu ukubwani kwa sababu ya tiba hiyo.

Tofauti iko kwenye kiasi na kasi. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa dopamini, ambayo ina mkono katika hamu, bidii na kuhisi kwamba jambo fulani lina thamani ya kufanywa. Seli ikishaitoa huirudisha ndani kupitia protini maalumu. Methilfenidati huiziba njia hiyo. Amfetamini huenda mbali zaidi: huingia ndani ya seli na kuigeuza njia yenyewe, dopamini ikawa inatoka badala ya kurudi. Dozi ya daktari ikimezwa, kiwango hupanda taratibu na kushuka taratibu. Mtu akizidisha dozi, au akatafuta namna ya kuifikisha haraka, ubongo hupata kishindo, na kishindo ndicho unachojifunza kukidai tena. Daktari Nora Volkow, ambaye kwa miaka mingi aliongoza taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa uraibu, alitumia picha za ubongo kuonyesha kwamba kasi hiyo ina uzito mkubwa katika suala zima la kulewa.

Kidonge cha kwanza nilipewa na rafiki niliyesoma naye, mwenye cheti halali. Ulikuwa msimu wa mitihani. Nilipoanza kazi nilikwenda kwa daktari nikajipatia cheti changu, baada ya kuzisoma dalili za ADHD hadi nikaweza kuzieleza kuliko mwenye nazo. Daktari hakuwa mzembe. Aliuliza, akasikiliza, akaandika. Tangu siku hiyo sikujiona mtumiaji wa dawa za kulevya. Nilikuwa mgonjwa, jina langu limechapishwa kwenye chupa.

Kisha vidonge vya mwezi vikaanza kushindwa kuufikia mwisho wa mwezi. Kimoja cha asubuhi kikawa viwili, cha mchana kikazaliwa, cha jioni kikafuata, na usiku nikahitaji dawa nyingine ya kunilaza. Siku za mwisho wa mwezi, chupa ikiwa tupu, nilikuwa "nina mafua". Hakuna aliyehoji, maana mchapakazi ana haki ya kuumwa.

Na usiku kucha nilikuwa nafanya nini? Nilipanga mafaili kwa rangi. Niliandika aya moja, nikaifuta, nikaiandika upya, hadi kukapambazuka. Nilitoa ripoti ndefu pale ambapo kurasa mbili zingetosha. Majuzi nilizisoma baadhi. Zina majivuno, zinajirudia, na katika mojawapo hoja kuu haimo kabisa. Nimeizunguka toka mwanzo hadi mwisho bila kuitaja. Nilipoiandika nilikuwa na hakika kwamba hakuna mtu aliyewahi kulieleza jambo lile vizuri kuliko mimi.

Hakika hiyo ni sehemu ya dawa. Mwaka 2013 Irena Ilieva, Martha Farah na mwenzao nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la vijana 46 wenye afya nzuri, ambao siku moja walipewa amfetamini na siku nyingine kidonge bandia, kisha wakapimwa kumbukumbu, ubunifu na akili kwa jumla. Tofauti ya maana haikuonekana katika vipimo vingi. Kilichobadilika ni maoni yao juu yao wenyewe: wakiwa na amfetamini waliamini wamefanya vizuri zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne wakaja na jaribio ambalo nalipenda zaidi kwa sababu linafanana na kazi za kweli. Watu 40 walipewa fumbo la kuchagua vitu vya kutia kwenye mkoba wenye kikomo cha uzito, ili thamani ya mzigo iwe kubwa kadiri inavyowezekana. Waliopewa methilfenidati, dekstroamfetamini (aina ya amfetamini) au modafinili (dawa ya kuzuia usingizi) walihangaika zaidi. Walitumia muda mrefu zaidi, wakavitia na kuvitoa vitu mara nyingi zaidi, lakini ubora wa hatua zao ukashuka. Na wale waliokuwa juu ya wastani walipomeza kidonge bandia, wakishapewa dawa walielekea kuanguka chini ya wastani.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Mimi nilisifiwa hata kabla tembo halijaonjwa, kwa kuwa waliokuwa wakinisifu walihesabu saa nilizokaa mezani. Sijui kwa nini tumekubali kupima kazi kwa kukesha, ila najua ni nani anayefaidika na kipimo hicho, na si mkeshaji.

Historia ya dawa hizi imejaa makofi ya namna hiyo. Amfetamini ilitengenezwa mwaka 1887 na mkemia Mromania, Lazăr Edeleanu, ikakaa miongo bila kazi. Katika miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kwa jina la Benzedrine, kwanza kama dawa ya kuvuta ya kuzibua pua. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa watoto katika jimbo la Rhode Island, aliripoti kwamba watoto aliowapa Benzedrine walitulia darasani na kuipenda kazi yao ya shule. Wenyewe waliviita vidonge vya hesabu. Hapo ilikuwa tiba. Lakini mwaka uliofuata nchini Ujerumani zikaingia sokoni tembe za methamfetamini, ndugu mkali wa amfetamini, zilizoitwa Pervitin, na kati ya Aprili na Julai 1940 tembe za aina hiyo zaidi ya milioni 35 zilipelekwa kwa wanajeshi ili wasonge mbele bila kulala. Japani nayo ilizitumia vitani, na baada ya vita zilipozagaa uraiani ikalazimika kutunga sheria ya kuzidhibiti mwaka 1951. Julai 1967 mwendesha baiskeli Mwingereza, Tom Simpson, alianguka na kufa kwenye mlima wa Mont Ventoux akiwa mashindanoni, katikati ya joto kali, na amfetamini ikakutwa mwilini mwake. Mwanajeshi na mwanamichezo walitakiwa kitu kilekile ambacho watu wa ofisini tunatakiwa: wasichoke. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliziweka amfetamini na methilfenidati katika orodha ya dawa zinazosimamiwa kwa ukali. Orodha haikuligusa tarajio lenyewe.

Kila mraibu ana mtakatifu wake wa kumtolea ushahidi. Wangu alikuwa Paul Erdős, mwanahisabati Mhungaria aliyeandika makala zipatazo 1,500 na kufariki mwaka 1996. Alitumia amfetamini kwa miaka mingi. Mwaka 1979 rafiki yake, Ronald Graham, aliweka naye dau la dola 500 kwamba hawezi kuziacha mwezi mzima. Erdős aliziacha, akashinda, akasema hisabati imerudishwa nyuma mwezi mmoja, kisha akaendelea kumeza. Nilikuwa nakisimulia kisa hiki kwa furaha nikiruka maelezo yake mwenyewe ya mwezi ule: kwamba aliamka asubuhi akautazama ukurasa mtupu, hana wazo, kama mtu wa kawaida. Leo naona kwamba mzigo wote wa kisa uko hapo. Mtu mwenye kipaji cha aina yake duniani alikaa mwezi mmoja na ubongo uliokuwa ukijitibu, hakuupa muda zaidi, akahitimisha kwamba kipaji ni cha kidonge.

Mwili haukunificha kitu. Moyo ulidunda hata nikiwa nimekaa, presha ilipanda, meno yalisagana, nguo zilinipwaya. Baadaye yakaja mashaka. Niliamini wenzangu wawili wanasoma barua pepe zangu, nikawa naandika kwa mafumbo ili kuwatega. Dozi kubwa za dawa hizi zinaweza kumfikisha mtu kwenye kuona na kusikia visivyokuwepo. Mimi niliishia kizingitini tu, lakini niliona ndani.

Aliyenigutusha ni dada yangu, na wala hakuzungumzia vidonge, maana hakuwa akijua lolote. Alikuwa akinisimulia habari za mwanawe, akakatisha. "Siku hizi hunisikilizi, mdogo wangu. Unasubiri ninyamaze." Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi. "Najua," akasema, "kila mtu anajua."

Nilirudi kwa daktari nikamwambia yote, pamoja na uongo wa siku ya kwanza. Hakunifokea. Alinipima presha, kisha akaniuliza kwa makini zaidi kuhusu pombe na ile dawa ya usingizi kuliko kuhusu vidonge vyenyewe. Baadaye nilielewa kwa nini. Anayekunywa pombe kwa wingi kila siku, au anayetegemea aina fulani za dawa za usingizi na wasiwasi, akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa, kwa hiyo hizo hupunguzwa chini ya uangalizi. Vichangamshi kwa kawaida havina hatari hiyo. Hatari yake iko kwenye huzuni inayofuata, na ndiyo maana swali la pili la daktari lilikuwa kama ninafikiria kujiua. Aliuliza waziwazi, kwa neno hilohilo. Anayeachisha mtu dawa hizi, awe daktari au ndugu, aulize hivyohivyo wala asizunguke, na mtu akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Arosto ya heroini imesimuliwa sana: jasho, maumivu, kutapika. Ya kwangu, mtu akichungulia dirishani angedhani napumzika. Nililala. Nikaamka, nikala chochote kilichokuwa karibu, nikalala tena. Mwili ulijaa mchanga. Baada ya siku kadhaa usingizi ulipungua na kile kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, nacho kilidumu miezi: hakuna kitu kilichokuwa na ladha. Muziki nilioupenda ulikuwa kelele zilizopangwa. Watu walichekesha, nikaona kwamba wanachekesha, basi. Sikuwa na huzuni hasa. Huzuni ina uzito, unaweza kuishika. Hiki hakikuwa na pa kushikia.

Wengi hurudia hapo, si kwenye siku zile za kulala. Mtu anajipima akiwa katika hali hiyo na kufanya kosa la Erdős: anadhani hivi ndivyo alivyo bila dawa. Kilichonisaidia, mimi mpenda ushahidi, ni utafiti mdogo ambao Volkow na wenzake waliuchapisha mwaka 2001. Waliwapiga picha za ubongo watu watano waliokuwa wametumia methamfetamini, kisha wakawapiga tena baada ya kukaa bila dawa kati ya miezi 12 na 17. Zile protini za kurudisha dopamini, ambazo mwanzo zilikuwa zimepungua, zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi kikubwa. Watu watano ni wachache, dawa yao ilikuwa kali kuliko yangu, na vipimo vyao vya kumbukumbu na wepesi wa mwili havikurudi kwa kasi hiyo. Nayajua yote hayo. Hata hivyo niliuchapisha ukurasa wenye picha hizo nikaubandika ndani ya mlango wa kabati.

Hakuna kidonge cha kutibu uraibu huu. Kwa heroini ipo methadoni, ipo buprenofini. Kwa vichangamshi mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata kimoja. Njia yenye ushahidi mzito zaidi ni ile watu wanayoicheka wakiisikia: mtu anapimwa mkojo mara kwa mara, na kila ukiwa safi anapewa zawadi ndogo papo hapo, ambayo thamani yake hukua kadiri anavyoendelea na hurudi chini akiteleza. "Yaani mnamlipa mtu asitumie dawa?" Ndiyo. Ubongo uliozoea malipo ya dakika hiihii hauwezi kuhamasishwa kwa ahadi ya afya njema miaka kumi ijayo. Unaanza nao pale ulipo. Mimi sikuipata huduma hiyo. Nilipata mshauri nasaha niliyekaa naye kila wiki tukichambua ni saa ngapi, mahali gani na baada ya wazo gani hamu huja.

Nikajiunga pia na kikundi, kimojawapo cha vile vya Narcotics Anonymous, vya waraibu wanaosaidiana kuacha, vilivyoanza California mwaka 1953. Siku ya kwanza nilijieleza kwa aibu, aibu ya kinyume: wale walikuwa wametoka kwenye heroini na kokeini, mimi nilikuwa na chupa ya duka la dawa. Kijana mmoja akaguna. Mzee aliyekuwa amekaa pembeni, ambaye ameacha heroini zamani, akaniuliza, "Ulikuwa ukiamka saa ngapi kuitafuta?"

"Saa kumi alfajiri, mzee. Nilitega saa nimeze kwanza, ndipo nilale tena hadi ifanye kazi."

Akasogeza kiti kilichokuwa karibu naye. "Kaa hapa."

Kwenye kikundi hicho yumo mwenzetu mwenye ADHD ya kweli aliyekuwa akizidisha dozi zake. Watu humwambia aache kila kitu maisha yake yote, kama sisi. Mimi siafiki. Bila tiba akili yake humpeleka kwenye fujo ileile iliyomtia uraibuni. Daktari wake alianza na atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo kichangamshi, inayochukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Haikutosha. Sasa anatumia methilfenidati ya kutolewa polepole mwilini, anapewa ya wiki moja tu, na mkewe ndiye mwenye ufunguo. Wapo wanaosema huko si kupona. Anafanya kazi, analea watoto, hajaiba kidonge.

Jambo ambalo kikundi hakikuweza kunisaidia sana ni kazi. Mwenye pombe huambiwa apite njia isiyo na baa. Kilichoniwasha mimi ni tarehe ya mwisho, kikao cha kesho, sauti ya mkuu akisema "tunakutegemea". Nipite njia gani? Ilibidi nijenge kanuni ambazo ofisini zilionekana za mtu mvivu. Saa moja jioni nafunga kompyuta, kazi iwe imekwisha au la. Namba ya yule rafiki wa cheti nimeifuta na nimemwambia kwa nini. Kwenye faili langu la hospitali imeandikwa kwamba nisiandikiwe dawa za jamii hii bila kuulizana na daktari wangu, ili hata siku nikipata ulimi mtamu mbele ya daktari mgeni, karatasi inisute. Niliwahi kurudia, wakati wa mradi mmoja mkubwa, na kanuni hiyo ya faili ilitokana na marudio hayo.

Mpwa wangu, yule ambaye sikumsikiliza habari zake, sasa yuko chuoni. Aliniuliza kama ni kweli vidonge vinasaidia kusoma, maana bwenini vinazunguka. Nilimwambia kwamba vitamkalisha kitini, na kwamba atajiona hodari kuliko alivyo. Nikamsimulia habari ya mkoba wa Melbourne. Nikamwonya pia kwamba vinavyouzwa mkononi huenda visiwe hata hivyo vinavyosemwa, kwani Marekani tembe bandia za aina hii zimekutwa na methamfetamini au fentanili, dawa kali ya maumivu, na fentanili huua kwa chembe ndogo mno.

"Sasa Mjomba," akasema, "wenzangu wakimaliza na mimi sijamaliza?"

Nikamwambia ukweli: watamaliza kabla yake. Hakulipenda jibu.

Ofisini nami sijapata jibu zuri zaidi. Mwezi uliopita mkuu mpya aliniletea kazi jioni akiitaka asubuhi. Nilimwambia itakuwa tayari Alhamisi. Akasema aliambiwa mimi ndiye mtu wa kutegemewa hapa, na haoni wanachokisema. Alhamisi nikampa kurasa mbili. Akazisoma palepale mbele yangu, akauliza maswali matatu ya maana, kisha akataka kujua kama ndizo zote.